Uzi: Tujifunze kusoma ECG kwa rula, tuache kukariri picha

KaratasiPinki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuleta picha ya ECG (karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo) aliyoipiga kwa simu, imepinda, nusu yake kivuli cha mkono, anauliza "wataalamu hii ni nini?" Majibu yanamiminika. Mmoja anasema shambulio la moyo, mwingine anasema presha tu hiyo, wa tatu anasema mbona iko sawa. Ukiwauliza mapigo ni mangapi kwa dakika, kimya. Hakuna aliyehesabu.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya matabibu, manesi, intan (madaktari walio mafunzoni kazini), wanafunzi, na hata mgonjwa aliyekabidhiwa karatasi yake akabaki anaigeuzageuza. Msimamo wangu ni kwamba ECG ni kazi ya kupima. Unahitaji rula, hesabu ya kugawanya na uvumilivu wa dakika chache. Anayekariri picha atakwama siku mgonjwa wake asipofanana na picha ya kitabuni, na wagonjwa wengi hawafanani nayo.

(Kama kifua kinakubana sasa hivi huku unasoma, weka simu chini uende hospitali. Uzi utaukuta.)

Anza na karatasi kabla ya mawimbi. Angalia pembeni au chini: pameandikwa 25 mm/s na 10 mm/mV? Mashine nyingi zina mwendo wa 50 mm/s pia, na kitufe chake ni chepesi kuguswa. Karatasi ikikimbia mara mbili, kila kitu kinarefuka, na mtu mwenye mapigo 80 utamsoma 40, uanze kumtafutia dawa asiyoihitaji. Kisha tafuta ile alama ya mstatili mwanzoni au mwishoni mwa mstari. Inatakiwa ipande miraba midogo 10. Ikipanda mitano tu, mashine imewekwa nusu, na mawimbi yote unayoyaona ni nusu ya kimo chake halisi.

Sasa namba. Mraba mdogo ni mm 1, yaani sekunde 0.04. Mkubwa una midogo mitano kwa upana, sekunde 0.2. Kwenda juu, mm 10 ni milivolti 1.

Mapigo: hesabu miraba mikubwa kati ya R moja (kile kilele kirefu chenye ncha) na R inayofuata, gawanya 300 kwa idadi hiyo. Mitatu ni 100, minne ni 75, mitano ni 60. Kama mdundo hauna mpangilio, njia hiyo itakudanganya. Hapo hesabu QRS zote (kila moja ni kundi la mawimbi makali lenye R hiyo) kwenye ule mstari mrefu wa chini, zidisha kwa 6, maana karatasi ya kawaida ya lidi 12 inabeba sekunde 10. (Lidi ni upande ambao mashine inautazamia moyo. Waya kumi mwilini, lidi kumi na mbili kwenye karatasi, msichanganye.)

Kujua kama mdundo una mpangilio, jicho halitoshi. Chukua kipande cha karatasi, kiweke chini ya mstari, tia alama kwa kalamu kwenye R tatu zinazofuatana, kisha kisogeze mbele. Alama zikiendelea kuangukia juu ya R, mdundo umepangika. Zikipishana ovyo, haukupangika.

Halafu P. Umeme wa moyo unaanzia juu, upande wa kulia, kwenye kifundo cha sinasi. Unasambaa vyumba vya juu, na hiyo ndiyo P. Unacheleweshwa kidogo kwenye kifundo cha kati, kisha unateremka kwa kasi kwenye vyumba vya chini, ndiyo QRS. Misuli inapojiandaa kwa pigo jingine tunapata T. Kwa hiyo P ya kawaida inapanda kwenye lidi II na inashuka kwenye aVR, na kila QRS inatanguliwa na P yake. Pima kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS: miraba midogo 3 hadi 5. Upana wa QRS: chini ya miraba 3. Yote haya ni rula.

Mwelekeo (upande umeme wa moyo unakoelekea), ST (kipande kati ya QRS na T) na QT (kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T) nitaendelea jioni, zamu inaniita.

IntanMchovu

Nimekaa hapa hapa sibanduki. Mkuu naomba ukirudi uanze na mwelekeo. Ile duara ya nyuzi (digrii) imenitesa tangu mwaka wa tatu.

NesiWaZamu

Mkuu KaratasiPinki, uzi mzuri, ila umeanzia katikati. Karatasi inatoka kwenye mwili, na mwilini ndipo mambo yanapoharibika. Naomba niongezee kabla madaktari hawajaenda mbali, maana anayebandika zile elektrodi (vibandiko vya kunasa umeme) ni mimi.

Lidi za kifuani ni V1 hadi V6. Tuanze na V1 na V2. Wengi wanazibandika juu mno, karibu na mfupa wa bega. Weka kidole kwenye shimo la shingo, teremka juu ya mfupa wa kifua mpaka uguse kituta. Ubavu ulio ubavuni mwa kituta hicho ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu hadi nafasi ya nne. V1 inakaa kulia kwa mfupa, V2 kushoto. Ukiziweka juu, P ya V1 inageuka chini na R zinaonekana ndogo, na daktari anaandika kwamba mgonjwa aliwahi kupata shambulio la moyo kumbe ni kidole changu.

Kutoka hapo ruka uende V4: nafasi ya tano, mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. V3 inaingia katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zinafuata usawa ule ule wa V4, sio kufuata mbavu zinavyopinda: V5 mbele ya kwapa, V6 katikati ya kwapa. Kwa akina mama, V4 inakwenda chini ya titi. Mwombe ruhusa, vuta pazia, mwachie mwenyewe ainue titi. Tusibandike juu ya titi kwa aibu zetu halafu tukasoma majibu ya uongo.

Kifua chenye nywele nyingi kinyolewe pale penye elektrodi tu. Na mgonjwa anayetetemeka kwa baridi mfunike shuka kwanza. Mtetemo wa misuli unaweza kufanana kabisa na fibrilesheni (moyo kutetemeka ovyo badala ya kupiga).

Pwani254

Shukrani dada. Huku kwetu Mombasa naongezea la rangi za waya, kwa sababu nimeona watu wakizozana juu yake wodini.

Mashine za mfumo wa Ulaya: mkono wa kulia nyekundu, mkono wa kushoto njano, mguu wa kushoto kijani, mguu wa kulia mweusi. Ukianza mkono wa kulia na kuzunguka, zinakwenda kama taa za barabarani. Sasa ije mashine ya msaada kutoka Marekani: mkono wa kulia mweupe, mkono wa kushoto mweusi, mguu wa kushoto nyekundu, mguu wa kulia kijani. Aliyezoea mfumo wa kwanza akifuata rangi kichwani mwake, anaweka ile nyekundu mkononi. Karatasi inayotoka hapo ni takataka safi.

Soma herufi zilizoandikwa kwenye klipu, usisome rangi. Herufi zikifutika, ziandike upya kwa plasta na kalamu. Na ukiona lidi I yote imepinduka, P, QRS na T zote zinatazama chini, huku aVR inapanda, usikimbilie kumwambia mtu moyo wake uko upande wa kulia. Kagua kwanza waya za mikono. Kama kweli moyo uko kulia, R zitazidi kupungua kutoka V1 kwenda V6 badala ya kukua. Waya za mikono zikibadilishana, V1 hadi V6 zinabaki kawaida.

KaratasiPinki

Nesi na Pwani254, mmenifunika. Hapo kwenye waya niongeze kidogo. Mashine nyingi za sasa zinapima lidi mbili tu za viungo, I na II. III, aVR, aVL na aVF zinatokana na hesabu ya hizo mbili. Lidi sita hizo zinasimama juu ya waya tatu tu, kwa hiyo waya mmoja ukikaa pabaya, karibu zote zinaharibika pamoja. Ule mweusi wa mguu wa kulia ni wa kutuliza umeme, hauchangii picha.

Lidi I, II na III ni urithi wa Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Semarang, kisiwa cha Java, mwaka 1860. Herufi P, Q, R, S, T ni zake pia. Mashine yake ilikuwa na uzito wa takribani kilo 270, na mgonjwa alikuwa anatumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Nobel alipewa 1924. Leo mashine inaingia kwenye begi na bado tunalalamika jeli imeisha.

Na mstari mnene wenye meno madogo yanayofanana kabisa? Huo ni umeme wa ukutani. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya kila mraba mdogo utakuta meno mawili. Hesabu. Ukipata mawili, chomoa chaja ya simu iliyo karibu na kitanda, endesha mashine kwa betri, rudia.

IntanMchovu, mwelekeo. Achana na duara kwa sasa. Tazama lidi I na aVF. QRS ikipanda zote mbili, sawa. I inapanda na aVF inashuka, angalia II: ikipanda, bado tuko ndani ya kawaida, ikishuka, umeelekea kushoto. I inashuka na aVF inapanda, umeelekea kulia. Binti wa miaka ishirini na kitu, anahema akipanda ngazi, mwelekeo uko kulia, P ya lidi II ina upana wa miraba mitatu au zaidi na imegawanyika vilele viwili: fikiria vali ya kushoto iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, umtafutie eko (ultrasaundi ya moyo). Hapo P yake peke yake imekupa nusu ya historia.

NesiWaZamu

Mimi nina ubishi. Unasema tupime kila kitu kwa mpangilio. Mgonjwa akiingia dharura anatoa jasho, ameshika kifua, mimi natazama ST kwanza. ECG inatakiwa iwe imepigwa na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Wewe na rula yako utakuwa bado unagawanya 300.

KaratasiPinki

Dada, hapo sikupingi, dakika 10 ni dakika 10. Lakini ST nayo inapimwa. Inatakiwa ipande mm 1 au zaidi kwenye lidi mbili zinazopakana. V2 na V3 zina masharti yao: mwanamume wa miaka 40 na kuendelea mm 2, wa chini ya 40 mm 2.5, mwanamke mm 1.5. Unapima pale QRS inapoishia na ST inapoanza. Halafu unaangalia makundi: II, III na aVF ni ukuta wa chini, V1 hadi V4 ukuta wa mbele, I, aVL, V5 na V6 ukuta wa pembeni. Ukuta mmoja ukipanda huku lidi za upande wa pili zinashuka, shaka inapungua sana. Na ukuta wa chini ukipanda, hamisha V4 ipeleke upande wa kulia wa kifua upige tena, kabla mtu hajampa dawa ya kuweka chini ya ulimi. Chumba cha kulia kikiwa kimehusika, presha yake inaweza kuporomoka.

Tatizo la kuruka moja kwa moja kwenye ST ni wagonjwa wetu wa presha ya miaka mingi. S zao za V1 hadi V3 zina kina kirefu, na ST inapanda kufuata kina hicho. Hali ni hiyo hiyo kwa wenye QRS pana ya upande wa kushoto. Usipopima kimo na upana wa QRS, utamwita mgonjwa wa shambulio kila mzee wa kliniki ya presha.

Na karatasi ikiwa safi huku mgonjwa bado anaumia, usimruhusu kwenda. Rudia baada ya dakika 15 hadi 30. Troponini (kipimo cha damu cha kuumia kwa misuli ya moyo) kama ipo, pima.

NesiWaZamu

Haya, hapo tumeelewana. Ila mimi ST bado naianza.

KochaWaMchangani

Samahani wakuu, mimi sio mtu wa afya. Nina kijana wa miaka 19, winga, amepimwa kabla ya majaribio ya timu. Ameambiwa T zimepinduka V1 mpaka V4 na asicheze tena mpira. Hajawahi kuzimia wala kuumwa kifua. Nyumbani kwao wamelia kama kuna msiba.

KaratasiPinki

Kocha, pole. Siwezi kutoa hukumu juu ya kijana nisiyemwona, ila nikueleze kinachojulikana.

Wanamichezo wenye asili ya Afrika wana mtindo wao: ST inainuka kidogo kama mgongo wa kilima, kisha T inapinduka, na hilo linaishia V4. Mwongozo wa kimataifa wa kusoma ECG za wanamichezo wa mwaka 2017 unaliweka hilo kwenye kundi la kawaida kama hana dalili na kwao hakuna historia ya vifo vya ghafla. Vitabu vingi tulivyosomea vilitegemea vifua vya Wazungu, ndiyo maana vijana wetu wanatishwa bure.

Lakini kuna masharti. T ikipinduka hadi V5 au V6, hiyo sio kawaida kwa mtu yeyote, inabidi achunguzwe. T iliyopinduka bila ST kuinuka kwanza nayo ina maswali yake. Kwa hiyo omba karatasi yenyewe, sio maneno ya mdomo, umpeleke kwa daktari wa moyo. Kama mko karibu na Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanazo eko. Uliza pia nyumbani kama kuna ndugu aliyeanguka akafa ghafla kabla ya miaka 40. Mpaka majibu yatoke, apumzike mazoezi makali.

KochaWaMchangani

Nimekupata mkuu. Karatasi ninayo, V5 na V6 T zinatazama juu. Jumatatu tunaenda.

MratibuTB

Naleta upande mwingine. Sisi wa TB sugu tumeingizwa kwenye ECG bila kupenda. Dawa zetu bedakwilini, moksifloksasini na klofazimini zote zinarefusha QT, na mgonjwa anaweza kuzila kwa pamoja. Mashine inatoa namba, nesi anaijaza kwenye kadi, basi. Shida ni kwamba mashine moja inatoa QTc (QT iliyorekebishwa kwa kasi ya mapigo) kubwa na nyingine ndogo kwa mgonjwa yule yule.

KaratasiPinki

Huenda mashine zinatumia kanuni tofauti. QT inafupika mapigo yakienda kasi, kwa hiyo inarekebishwa. Bazett na Fridericia wote walitoa kanuni zao mwaka 1920. Bazett anagawanya QT kwa kipeuo cha pili cha umbali kati ya R na R kwa sekunde. Fridericia anatumia kipeuo cha tatu.

Mfano: mwanamume, QT milisekunde 360, mapigo 100, maana yake R hadi R ni sekunde 0.6. Bazett anakupa 465. Fridericia anakupa 427. Kwa mwanamume tunaanza kushtuka juu ya 450, kwa hiyo kwa Bazett ana tatizo, kwa Fridericia hana. Mgonjwa wa TB mwenye homa na upungufu wa damu moyo wake unakwenda mbio, na Bazett anazidisha sana mapigo yakiwa ya kasi. Ndiyo maana huko kwenu mnatakiwa kutumia Fridericia. Ikivuka 500, dawa zinasimamishwa na mgonjwa anashughulikiwa siku hiyo hiyo: potasiamu, magnesiamu, na dawa nyingine anazokula pembeni.

Kikokotoo cha simu kinatosha. QT yenyewe ipime kwa rula kwenye lidi II au V5, hadi pale T inapogusa mstari wa chini. Usiiamini mashine, hasa T zikiwa bapa.

IntanMchovu

Mkuu, T zilizochongoka je? Wodi ya figo nimeona moja kama sindano.

KaratasiPinki

Potasiamu imepanda. T nyembamba, ndefu, yenye ncha. Ikiendelea kupanda, P inalala na QRS inaanza kupanuka. Hapo usisubiri maabara, kalsiamu glukonati kwanza, simu kwa mkubwa wako ifuate.

MzeeWaChalinze

Wanangu, nimesoma yote mpaka macho yameniuma. Nina miaka 61. Karatasi yangu mashine imeandika kwa Kiingereza kwamba huenda chumba cha chini cha kushoto kimenenepa. Daktari alikuwa na foleni, akaniambia nipo sawa. Nimechukua rula ya mjukuu. S ya V1 ina miraba 18 kwenda chini, R ya V5 ina 21 kwenda juu. Nimefanya sawasawa?

KaratasiPinki

Shikamoo mzee. Umefanya sawasawa kuliko wengi wetu. 18 na 21 ni 39. Kigezo cha Sokolow na Lyon cha kunenepa kwa chumba hicho, cha tangu 1949, kinasema 35 au zaidi. Kwa hiyo mashine haikusingizia. Kijana mwembamba angepata 39 hiyo hiyo bila ugonjwa wowote, kifua chake hakina nyama ya kuzuia umeme. Kwa miaka yako nataka kujua mawili: kwenye V5 na V6, ST imeshuka na T imepinduka? Na presha yako ni ngapi?

MzeeWaChalinze

Marahaba mwanangu. T zinatazama juu. Presha sijapima tangu mfungo. Ngoja nimtume kijana duka la dawa wana mashine.

MzeeWaChalinze

168 kwa 102. Wamerudia, 164 kwa 100. Vidonge niliviacha vilipoisha, nilijiona mzima.

NesiWaZamu

Mzee wangu shikamoo. Kichwa hakikuumi? Macho hayaoni ukungu? Kifua, pumzi?

MzeeWaChalinze

Marahaba. Hapana, hakuna hata kimoja.

NesiWaZamu

Basi leo ulale, kesho asubuhi kliniki, ubebe hiyo karatasi na pakiti tupu ya vidonge ulivyokuwa unatumia, hata kama limebaki boksi tu. Usinunue dukani kwa kukisia. Omba na kipimo cha figo na sukari. Dalili yoyote kati ya hizo nilizouliza ikitokea usiku, usisubiri kuche.